Klabu ya Mia Mbili na Nauli ya Kurudi Umoja

Wiki chache baada ya kusajili wanafunzi wapya, vyuo vingi vya Nairobi hutenga siku ya klabu. Meza hupangwa nje chini ya hema, kila meza na bango lake, na nyuma ya kila meza huketi mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye daftari. Amepiga mistari kwa rula: jina, nambari ya usajili, simu, kozi, na safu ya mwisho ameiandika "ada". Chini yake ni 200, 200, 200, hadi mwisho wa ukurasa. Mgeni akifika mezani, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye safu hiyo, ilhali haimwambii karibu lolote kuhusu gharama ya klabu kwa mtu anayelala Eastlands, kwenye mitaa kama Umoja, Kayole, Dandora au Pipeline.

Mwanafunzi wa hosteli akitoka mkutanoni saa kumi na mbili na nusu jioni, anatembea dakika tano na kuingia chumbani. Wa Eastlands ndiyo kwanza anaanza safari. Atapiga foleni kwenye steji, atalipa nauli ya jioni, atakaa Jogoo Road au Outering magari yakiwa yamesimama, na chakula cha nyumbani kitamkuta kimepoa. Wote wawili wamelipa 200. Ndiyo maana nimezilinganisha klabu hapa kwa mambo mawili ambayo mabango hayayataji: zinakutana saa ngapi, na zinakutana wapi.

Tuanze na hesabu yenyewe. Chukua mwanafunzi wa Umoja anayesomea Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, pale Haile Selassie Avenue, kwenye majengo yaliyokuwa ya Kenya Polytechnic. Huyu ana nafuu, maana anapanda gari moja tu, anashuka Muthurwa na kumalizia kwa miguu. Nauli hazikai mahali pamoja, lakini tuseme asubuhi analipa 80. Akirudi mchana, magari yakiwa yanatafuta abiria, analipa 50. Akirudi jioni watu wakitoka kazini analipa 100, na mvua ikinyesha asishangae ikizidi hapo. Muhula wa wiki 14, siku tano kwa wiki, kwenda kwa 80 na kurudi kwa 50, ni shilingi 9,100.

Sasa weka hiyo 9,100 kando ya mkopo. Chini ya mfumo wa ufadhili ulioanza 2023, mkopo wa kujikimu wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa mwanafunzi wa chuo kikuu umekuwa kati ya 40,000 na 60,000 kwa mwaka, kutegemea kundi ambalo familia yake imepangiwa. Aliye kundi la nne, la 45,000, anapata 22,500 kwa muhula. Nauli ya darasani pekee imekula zaidi ya thuluthi moja kabla hajanunua kalamu. Na pesa hizo haziji siku ya kufungua. Mara nyingi siku ya klabu hufika, meza zikapangwa na kupanguliwa, mkopo bado haujaingia kwenye simu.

Hapo ndipo zinapokuja klabu tatu zenye ada ileile ya 200.

Ya kwanza inakutana Jumatano saa saba mchana, saa ya chakula, siku ambayo mwanafunzi wetu ana darasa asubuhi na darasa jingine alasiri. Angekuwa chuoni vyovyote vile, na chakula angekula vyovyote vile. Muhula mzima klabu hiyo inamgharimu 200.

Ya pili inakutana Alhamisi saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Alhamisi darasa lake la mwisho huisha saa sita. Bila klabu angerudi nyumbani kwa 50 na kula huko. Kwa sababu ya klabu anarudi kwa 100, tofauti ya 50 mara 14, yaani 700. Anakula chapati na madondo kwa 100, mara 14, yaani 1,400. Ukijumlisha ada, 2,300. Kama ni msichana anayeshuka Masimba kule Kayole saa mbili usiku, ongeza bodaboda ya 50 kutoka steji hadi mlangoni, 700 nyingine, na hiyo bodaboda isihesabiwe kuwa anasa. Ni sehemu ya bei ya klabu, na ningependa viongozi wa klabu waijue wanapopanga ratiba.

Ya tatu inakutana Jumamosi asubuhi. Nauli ya kwenda na kurudi, 100 kwa siku ambayo magari hayana haraka, ni 1,400 kwa muhula. Chakula ni 1,400. Ukijumlisha ada, 3,000. Kisha kuna jambo ambalo wanafunzi wengi wa Eastlands hawalitamki mbele ya wenzao: Jumamosi ndiyo siku ya kibarua. Yupo anayesimama kwenye kibanda cha viatu soko la Gikomba, yupo anayemsaidia mama kibandani, yupo anayefundisha watoto wa jirani hesabu. Kama siku hiyo humpa 500, klabu imemnyima 7,000 kwa muhula. Jumla ni 10,000, kwa klabu ambayo daftarini imeandikwa 200.

Simwambii mtu aikimbie klabu ya Jumamosi. Zipo zinazostahili hiyo 10,000 na zaidi. Ninachotaka ni aione hesabu hiyo mapema, badala ya kuigundua wiki ya sita, aanze kukosa mikutano, aone haya, halafu ajiambie kwamba mambo ya klabu hayamfai. Nimeona vijana wenye vipaji wakijiondoa hivyo, na kosa halikuwa lao. Klabu yao ilikuwa imepangwa kwa ajili ya watu wanaolala karibu.

Anayesomea Chuo Kikuu cha Kenyatta akitokea Donholm azidishe hesabu hii, kwa kuwa anafuata Outering hadi Thika Road na mara nyingi anabadilisha gari. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Ushirika kule Karen anavuka jiji zima. Kwa hao klabu ya saa ya chakula ndiyo karibu chaguo pekee la siku za kazi, na ratiba ya masomo inafaa kusomwa pamoja na ratiba ya klabu siku hiyohiyo inapotoka.

Kabla hujatoa hata hiyo 200, fungua karatasi ya karo. Ushuke taratibu chini ya mstari wa masomo. Utakuta usajili, mitihani, maktaba, matibabu, kitambulisho, na mahali fulani katikati utakuta ada ya shughuli za wanafunzi, na mara nyingi nyingine ya chama cha wanafunzi. Umekwisha kuzilipa, utake usitake. Pesa hizo ndizo zinazotegemewa kununua jezi, kukodi ukumbi, kutia mafuta basi la chuo na kulipia timu zinazokwenda mashindanoni. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye ofisi ya mkuu wa wanafunzi liwe hili: ni klabu zipi hupata fungu humo, na ni zipi hujitegemea kwa michango ya wanachama? Hizi mbili zinaweza kuandika 200 ileile daftarini, kisha moja ikakupeleka Mombasa kwa basi la chuo, na nyingine ikakudai 2,500 za safari ya Naivasha.

Kwa kipimo hicho michezo ndiyo rahisi kuliko zote. Chuo hununua mipira, jezi na usafiri. Mchezaji ananunua viatu, na viatu vizuri vya mitumba Gikomba vinapatikana kwa bei ya kuelewana. Gharama iko kwenye muda wa mazoezi, na hiyo huirudisha hesabu kwenye nauli ya jioni.

Linganisha sasa njia za kujifunza jambo moja ambalo karibu kila mwanafunzi analitaka: kusimama mbele ya watu na kusema vizuri. Njia ya bei ya juu ni Toastmasters, shirika lililoanza Marekani mwaka 1924 na ambalo lina klabu kadhaa Nairobi. Makao makuu hutoza dola 60 kwa kila miezi sita, na mwanachama mpya huongeza dola 20 za kujiunga. Kwa kubadilisha dola kwa shilingi 130, miezi sita ya kwanza ni 10,400, na mwaka mzima ni 18,200, kabla hujaongeza kile ambacho klabu yenyewe hutoza. Unachopata ni mpangilio mkali: hotuba zenye muda maalumu, mtu wa kukukosoa kila unapozungumza, na watu wa makamo wenye kazi ambao baadaye wanaweza kukushika mkono. Kwa mfanyakazi wa miaka miwili mitatu ni pesa nzuri. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea HELB naona ni mapema, hasa kwa sababu klabu hizi huwakaribisha wageni, na mgeni anaweza kuketi, kusikiliza na kujifunza mengi bila kutoa hata senti. Ukienda mara mbili tatu kama mgeni utajua kama unaihitaji.

Njia ya katikati ni klabu ya mdahalo ya chuo. Ada ni ndogo au haipo, na kasi ya kujifunza ni kubwa kwa sababu utapewa upande ambao huuamini na kuambiwa uutetee kwa dakika saba. Kasoro yake ni kwamba mashindano mengi huangukia wikendi, wakati mwingine Ijumaa hadi Jumapili, na yakifanyika chuo cha mbali lazima ujue nani analipia malazi.

Njia ya tatu ni drama. Tamasha la kitaifa la maigizo, ambalo chimbuko lake ni 1959 na ambalo siku hizi limeongeza filamu, lina nafasi za vyuo: mchezo wa jukwaani, ngonjera, masimulizi, mashairi ya kughani, densi za kitamaduni. Kikundi kikifuzu, chuo kwa kawaida ndicho hugharamia safari, kwa sababu kombe linaandikwa jina la chuo. Kwa pesa, drama ni ya bei ya chini. Kwa muda ni ya juu kuliko zote. Kuanzia Januari mazoezi huwa ya kila jioni, na tamasha likikaribia huanza kula na wikendi. Mwanafunzi wa Dandora mwenye nafasi kubwa mchezoni atarudi kwa nauli ya 100 siku tano kwa wiki, badala ya 50 siku ambazo angetoka mapema. Hata hivyo, kama ningelazimika kumshauri kijana mmoja mwenye haya aingie wapi, ningesema drama, na ningemwambia aombe kwanza kazi ya taa au mavazi hadi aizoee jukwaa.

Njia ya nne haina ada na iko mtaani: kwaya na vikundi vya vijana vya makanisa, madrasa na misikiti ya Eastlands. Chuoni pia zipo jumuiya za Wakristo, za vijana Wakatoliki na za wanafunzi Waislamu, ambazo mara nyingi ndizo kubwa na zenye utaratibu mzuri kuliko klabu nyingine zote. Huko utajifunza kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu na kushika pesa za watu. Tahadhari yake ni michango. Kuna misheni, kuna harambee ya vyombo vya muziki, kuna futari, na ni vigumu kwa mtu kusema sina mbele ya ndugu zake wa imani. Amua mapema kiasi utakachotoa kwa muhula, na ukifika hapo ukome kwa amani.

Hayo ni ya ujuzi wa jumla. Klabu za kitaaluma nazo zina hesabu yake, na kwangu ndizo zenye faida kubwa kwa mwanafunzi anayeishi mbali, kwa sababu kazi ya klabu hizo na ya darasani hupandana. Muda ambao mtu hutumia kwenye chama cha wanafunzi wa uhandisi au wa takwimu humrudia katika mtihani. Chama cha idara aghalabu hukutana kwenye jengo lilelile la darasa, na mhadhiri akiwa mlezi hakitakuwa na sababu ya kukutana usiku.

Wanaosoma kompyuta wana klabu za wasanidi programu zinazoungwa mkono na Google vyuoni, ambazo hazitozi ada. Lakini bure hiyo inadai kipakatalishi na data. Kipakatalishi cha mitumba mjini kitakutaka 15,000 hadi 25,000, na anayejiunga bila chombo hicho atakaa nyuma akichungulia bega la mwenzake. Kama chuo kina maabara inayobaki wazi mchana, ing'ang'anie klabu inayokutana humo.

Wanaosoma Kiswahili wana CHAWAKAMA, chama cha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Kujiunga ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kongamano, maana huhamahama kati ya nchi wanachama. Likiwa Uganda au Rwanda, Mkenya anavuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa. Likiwa Tanzania utahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na pasipoti ya kurasa 34 ilipanda kutoka 4,550 hadi 7,550 mwaka 2024. Weka na tiketi ya basi, malazi na ada ya kushiriki. Hapa ningefanya hivi: ningejiunga mwaka wa kwanza, ningeweka kando kidogokidogo, na ningekwenda kongamano moja tu katika miaka minne, lile ambalo nina makala ya kuwasilisha. Mtu mwenye makala ana nguvu ya kubisha mlango wa idara na kuomba msaada wa nauli. Anayekwenda kutazama hana.

Na usizuiwe na jina la kozi yako. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Jared Angira alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Nairobi, chuo kikiwa bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kozi yake haikumzuia kuwa mhariri wa Busara, jarida la fasihi la chuo, na diwani yake ya kwanza, Juices, ikatoka 1970. Jarida la chuo halidai nauli ya ziada. Unaandika nyumbani Jericho usiku, unahariri ndani ya matatu, na mkutano mmoja kwa wiki unatosha. Klabu za uandishi na uhariri ndizo ninazoziona zimesahauliwa mno na watu wa mitaa yetu, ilhali ndizo zinazoelewana na maisha ya msafiri wa kila siku.

Sasa tugeuke tuitazame Eastlands yenyewe, kwa sababu si lazima kila kitu kifuatwe mjini. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kando ya Jogoo Road, una maktaba ya kaunti. Makadara una nyingine. Zote mbili ni matawi ya McMillan, ile maktaba ya mjini iliyofunguliwa 1931, na zimefanyiwa ukarabati na Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na Angela Wachuka na Wanjiru Koinange. Buruburu nako kuna tawi la Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Wanafunzi watano wa vyuo tofauti wanaoishi Jericho, Maringo na Bahati wanaweza kukutana Makadara Jumamosi asubuhi maktaba inapofunguliwa, wakasoma hadi saa tano, na aliye na kibanda akawahi kibandani. Nauli ni sufuri kwa anayetembea. Tofauti na klabu ya chuo, hapo hakuna cheti, na kwa wengine cheti ni muhimu. Ila mtu akiulizwa kwenye usaili amefanya nini, kikundi cha kusoma alichokiendesha mwenyewe miaka miwili ni jibu lenye uzito.

Kwa michezo na uongozi kuna chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanza 1987. Utaratibu wake ni kwamba timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa pamoja na kushinda mechi, na vijana wanaojitolea kufundisha na kuongoza hujikusanyia alama za tuzo zinazolipia karo. Katika orodha hii yote, hapo tu ndipo hesabu huweza kugeuka, pesa zikaja upande wako. Inadai uvumilivu wa miaka, na waliokulia humo tangu shule ya msingi wako mbele yako, jambo ambalo ni haki yao.

Aliye bado anachagua chuo, na hajajifunga, aipime pia ile 9,100 ya nauli. Buruburu kuna taasisi ya sanaa inayojulikana kwa kifupi kama BIFA. Eastlands College of Technology inafundisha ufundi huku huku. Kwa mchoraji wa Umoja au fundi umeme wa Donholm, kusoma karibu na nyumbani kunamrudishia saa mbili au zaidi kila siku, na saa hizo ndizo klabu.

Rotaract, klabu ya vijana iliyo chini ya Rotary, nayo ina bei ya namna mbili, na wengi hawaijui tofauti. Tangu Julai 2022, makao makuu ya Rotary hutoza mwanachama wa Rotaract ya chuo dola 5 kwa mwaka, na wa Rotaract ya jamii dola 8. Ni kama 650 na 1,040. Hiyo si pesa ya kumtoa mtu mbio. Gharama iko kwenye miradi na kwenye hafla za kuapisha viongozi, ambazo wakati mwingine hufanywa hotelini na tiketi yake hupita ada ya mwaka mzima. Uliza kama kuhudhuria ni lazima. Ukiwa chuoni jiunge na ya chuo, si kwa sababu ya dola tatu, bali kwa sababu mikutano itafuata kalenda ya masomo yako.

Tuzo ya Rais, iliyo chini ya mpango wa Tuzo ya Mtawala wa Edinburgh, ni ya vijana wa miaka 14 hadi 24. Hapa cha kuhesabu kwanza ni umri. Ngazi ya dhahabu huchukua miezi 18 kwa asiyepitia ngazi ya fedha, na lazima imalizike kabla ya miaka 25. Mwenye miaka 20 ana nafasi nzuri. Aliyepita 23 na nusu hana tena miezi ya kutosha. Ngazi hiyo ina safari ya siku nne na usiku tatu, pamoja na siku tano za kuishi na kufanya kazi mbali na nyumbani, na hapo ndipo pesa hutoka: mkoba, buti, hema, chakula. Buti na mikoba hupatikana Gikomba, na hema linakodishwa na gharama yake kugawanywa kwa watu wanne. Wanaokwenda na kikundi cha chuo huokoa sehemu ya gharama hizi.

Ipo aina moja ya "klabu" ambayo sitailinganisha na nyingine. Hujiita mtandao wa uongozi au wa ujasiriamali wa vijana, hukualika kwenye ukumbi mzuri mjini, na baada ya hotuba mbili tatu za kusisimua unaambiwa ulipe usajili wa elfu kadhaa, ununue bidhaa za kuanzia, kisha ulete marafiki wawili. Haiko kwenye orodha ya mkuu wa wanafunzi, na haina mlezi. Pesa za mkopo zilizopotelea huko ni nyingi, na waliozipoteza huona haya kuwaambia wazazi. Ukiambiwa lazima ulipe leo hii kabla hujatoka ukumbini, toka.

Hata klabu halali ina mahali pa kuangalia. Ada ikilipwa kwenye simu ya mweka hazina, kila anayetuma 200 hukatwa 7 na M-Pesa, na pesa za klabu huchanganyika na za unga wa mweka hazina. Ikilipwa kwa nambari ya till, mlipaji hakatwi kitu na kila shilingi inaonekana. Fulana nayo iulizwe: ni lazima au ni hiari? Fulana ya 800 ni ada mara nne. Na kama mkopo haujaingia, sema waziwazi kwamba utalipa ukiingia. Viongozi wengi hukubali, maana hata wao wanausubiri.

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mwenye kundi la nne la HELB na Jumamosi ya kibarua, mimi ningechagua chama cha idara kinachokutana mchana, jarida la chuo, na kikundi cha kusoma cha mtaani, na jumla yangu isingefika 600 kwa muhula. Mwaka wa pili ningeongeza kimoja chenye gharama ya jioni, drama au mdahalo, nikiwa tayari ninajua marafiki wa Umoja wa kurudi nao gari moja.

Na ikiwa klabu unayoitaka haipo, au ipo lakini inakutana saa moja usiku, kuna la kufanya ambalo halina bei. Vyuo vingi hudai vitu vichache kusajili klabu mpya: mhadhiri wa kuwa mlezi, katiba ya kurasa mbili tatu, orodha ya wanachama waanzilishi na sahihi zao, na barua kwa mkuu wa wanafunzi. Gharama ni ya kuchapisha karatasi hizo. Walete wenzako wa Kayole, Komarock na Embakasi waweke sahihi, na kwenye kifungu cha mikutano muandike kwamba itafanyika siku za masomo, na itaisha kabla ya saa tisa alasiri.